Feldispa: Madini Yaliyomo Katika Sahani, Vigae na Vito Vyetu

Mtu akila wali katika sahani ya udongo, akashushia na soda ya chupa, akanawa mikono katika beseni jeupe la kauri, kisha akarudi barazani akikanyaga sakafu ya vigae, amekwisha kukutana na feldispa mara nne katika mlo mmoja. Hakuiona, wala hakuwa na sababu ya kuiuliza jina lake. Madini haya hayauzwi dukani yakiwa peke yake; mlaji huyanunua yakiwa yamekwisha kusagwa, kuchanganywa na kuchomwa. Hata hivyo, tofauti baina ya bakuli salama na bakuli lenye sumu, au baina ya kigae kinachodumu na kile kinachobanduka baada ya masika mawili, mara nyingi huanzia katika swali moja: je, feldispa ilipewa moto wa kutosha tanurini? Makala haya yanaeleza sifa za madini hayo, na namna mnunuzi asiyekuwa na maabara anavyoweza kuitumia elimu hiyo anapochagua bidhaa.

Jiwe lenyewe

Feldispa si jiwe moja bali ni ukoo wa madini. Wote katika ukoo huo wameundwa kwa silikoni, alumini na oksijeni. Kinachowatofautisha ni kama ndani yao mna potasiamu, sodiamu au kalisiamu. Ukoo huu unachukua zaidi ya nusu ya ganda la dunia, kwa hiyo si madini ya kutafutwa kwa tochi. Aliyepanda Mlima Kilimanjaro huenda amekwisha kuyakanyaga: baadhi ya lava za Kibo zimejaa fuwele zilizo na umbo kama la uru wa karata, nazo ni feldispa.

Mwanaukoo anayetuhusu zaidi hapa ni orthoklesi, yaani feldispa ya potasiamu. Ukiipima kwa uzito, takriban asilimia 65 yake ni silika, asilimia 18 ni alumina, na asilimia 17 ni oksidi ya potasiamu. Jina lake limetokana na Kigiriki na maana yake ni mpasuko ulionyooka, kwa kuwa jiwe hili likipigwa nyundo hupasuka katika nyuso mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Rangi yake huwa nyeupe, ya maziwa, au ya waridi iliyofifia. Wekundu tunaouona katika graniti nyingi za kaunta za jikoni ni rangi ya orthoklesi.

Ugumu wake una heshima ya pekee. Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs alipanga mawe kumi kwa kigezo cha lipi linakwaruza lipi, kuanzia talki iliyo laini hadi almasi. Orthoklesi ndiyo aliyoiweka katika nafasi ya 6. Kisu cha kawaida cha chuma na kioo cha dirisha viko karibu na 5.5, na kwatzi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa mtoni na wa barabarani, iko 7. Msomaji aiweke akilini tarakimu hii ya 6, tutaihitaji tutakapofika sakafuni.

Ikiachwa juani na mvuani kwa maelfu na maelfu ya miaka, feldispa huoza. Maji huichukua potasiamu yake kidogo kidogo na kuacha udongo mweupe ulio laini, uitwao kaolini. Hazina kubwa ya udongo huo tunayo katika vilima vya Pugu, Kisarawe. Kwa hiyo mfinyanzi wa kauri anapochanganya kaolini na unga wa feldispa, anawakutanisha mtoto na mzazi wake.

Sifa iliyolipa jiwe hili soko duniani kote ni namna linavyoyeyuka. Orthoklesi huanza kuyeyuka katika joto la takriban nyuzi 1,150 za Selsiasi, na inapoyeyuka haigeuki maji mara moja. Hulegea polepole, ikawa nzito kama asali ya baridi, ikapenya katikati ya chembe za udongo na kuziba matundu, huku chombo chenyewe kikibaki na umbo lake. Ikipoa huwa kioo. Kauri haikaushwi tu kama tofali la kuchoma. Imegandishwa kwa kioo kilichotokea ndani yake.

Sahani, bakuli na suala la risasi

Si kila chombo kinahitaji moto huo. Mtungi wetu wa maji huchomwa kwa kuni au kwa makumbi, katika joto lililo chini sana ya hilo, na ndiyo maana unavuja jasho na kuyapoza maji. Ungekuwa umezibwa kwa feldispa, maji yangebaki na joto la chumba. Chungu cha kupikia nacho hakina tabaka la kioo juu yake. Vyombo hivi vya jadi vina kanuni zake na hatuvilaumu.

Shida huanza pale chombo kinapotakiwa king'ae. Mng'ao wa sahani na vikombe hutokana na tabaka jembamba la kioo, liitwalo glezi, linalopakwa juu ya udongo kisha kuchomwa. Glezi ya vyombo vya kauri ngumu hutengenezwa kwa feldispa, silika na chokaa, na huiva katika joto linalozidi nyuzi 1,200. Moto wa namna hiyo ni gharama: tanuri bora, mafuta au gesi nyingi, saa nyingi. Ipo njia ya mkato ambayo wafinyanzi wa nchi nyingi wameijua kwa karne nyingi, nayo ni kutia oksidi ya risasi. Risasi huifanya glezi iyeyuke hata chini ya nyuzi 1,000, tena huipa mng'ao mzuri kupita kiasi na rangi za kuvutia. Mtengenezaji hupunguza gharama ya moto, na deni lake huhamia mezani kwa mlaji.

Glezi ya feldispa iliyoiva vizuri haibabaishwi na ndimu wala siki. Glezi ya risasi, hasa ikiwa haikuchanganywa au kuchomwa ipasavyo, huachia risasi yake inapokutana na chakula chenye uchachu: achari, juisi ya ukwaju, nyanya, maziwa ya mgando, maembe mabichi. Kadiri chakula kinavyokaa ndani ya chombo na kadiri kinavyokuwa cha moto, ndivyo risasi inavyozidi kutoka. Haina ladha mbaya ya kumwonya mtu. Shirika la Afya Duniani limetamka kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na kwamba watoto wadogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile walichomeza. Inachoharibu kwa mtoto ni ubongo, na uharibifu huo haurekebishiki.

Shangazi yangu aliwahi kununua bakuli la rangi ya chungwa kando ya barabara, zuri kweli, akaliwekea achari ya ndimu. Baada ya wiki chache mng'ao wa ndani ulikuwa umefifia na kuwa kama uliopakwa chokaa, hali nje palibaki panang'aa kama siku ya kwanza. Hatukulipeleka kupimwa. Achari ilimwagwa, na bakuli sasa linatunza funguo.

Kufifia kwa namna hiyo ni ishara kwamba asidi inaila glezi, nayo inatosha kumfanya mtu aache kulitumia bakuli kwa chakula. Lakini kinyume chake si kweli: chombo kinachoendelea kung'aa hakijathibitishwa kuwa salama. Uthibitisho hutolewa na maabara. Katika kipimo cha kimataifa cha ISO 6486 chombo hujazwa asidi ya asetiki ya asilimia 4, ambayo nguvu yake inakaribia ile ya siki ya jikoni, kikaachwa kwa saa 24 katika joto la nyuzi 22, kisha kimiminika hicho hupimwa kuona kimebeba risasi na kadimiamu kiasi gani. Mnunuzi hawezi kulifanya hilo dukani, ila anayo macho, vidole na masikio.

Pindua sahani utazame ukingo wa chini usiopakwa glezi. Tia tone la maji hapo. Likibaki juu kama tone, udongo umejazwa kioo na moto ulikuwa wa kutosha. Likinywewa upesi, chombo kilichomwa kwa moto mdogo na usalama wake wote unategemea glezi usiyoijua. Kigonge kwa ukucha usikilize: kauri iliyoiva hulia kama kengele ndogo, ilhali isiyoiva, au yenye ufa, hutoa sauti iliyokufa. Kisha pitisha kidole juu ya maua na michoro. Mchoro unaojitokeza chini ya kidole uliwekwa juu ya glezi baadaye na kuchomwa mara ya pili kwa joto dogo. Rangi za aina hiyo ndizo zinazoweza kuwa na risasi na kadimiamu, hasa nyekundu, njano na chungwa. Pendelea chombo ambacho mchoro wake uko chini ya glezi, au uko upande wa nje tu na mbali na mdomo wa kikombe. Vyombo vilivyoandikwa kuwa ni vya mapambo vitumike kwa mapambo, hata kama mgeni ni wa heshima namna gani.

Ushahidi wa uimara wa glezi iliyoiva tunao pwani. Katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, wazee walipachika vyombo vya kauri vya Kichina katika chokaa. Vingi vimeng'olewa na watu, na chokaa imeliwa na chumvi ya bahari, lakini glezi ya vilivyosalia ingali iking'aa.

Kigae kiitwacho marumaru

Nchini Tanzania watu wengi huviita vigae vya sakafu marumaru. Hapana ubaya katika mazungumzo, ila dukani jina hilo linaweza kumgharimu mtu. Marumaru halisi ni jiwe la chokaa lililobadilishwa na joto na mgandamizo ardhini. Ugumu wake ni 3 tu, na tone la ndimu au dawa kali ya kusafishia choo hulichimba. Kigae cha kiwandani ni kauri. Mwuzaji anayedai bei ya marumaru halisi awe tayari kuonyesha kwamba anachouza ni jiwe, na anayeuza kauri asimtishe mnunuzi kwa masharti ya utunzaji wa marumaru.

Katika vigae vya porseleni feldispa huchukua kiasi kinachoweza kukaribia nusu ya mchanganyiko. Ndiyo inayoziba matundu, na kiasi cha matundu yaliyobaki ndicho kinachokisemea kigae zaidi ya picha ya kupendeza iliyo juu yake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13006 huvipanga vigae kwa maji vinayoyanywa. Kundi la BIa, ambalo ni la porseleni iliyoshindiliwa ikiwa kavu, halizidi asilimia 0.5 ya uzito wa kigae. Kundi la BIII hunywa zaidi ya asilimia 10. Chukua vigae viwili vyenye uzito wa kilo 2 kila kimoja: cha kwanza hakitakiwi kubeba zaidi ya gramu 10 za maji, cha pili kinaweza kubeba zaidi ya gramu 200. Kigae cha BIII hakina kosa lolote kikiwa ukutani jikoni. Kikitandikwa uani au kwenye sakafu ya bafu, hunywa maji, huvimba kidogo, glezi yake hupasuka nyufa kama za utando wa buibui, na hatimaye kigae chenyewe huvunjika au huachana na saruji.

Alama hizo huandikwa kwenye boksi, mara nyingi kwa herufi ndogo. Duka likiwa limetupa maboksi, mwagia maji kidogo mgongoni mwa kigae, upande usiong'aa, usubiri dakika chache. Doa jeusi linaloenea ni jibu.

Hapa ndipo tunaporudi kwenye ile tarakimu ya 6. Kisu kilichoanguka jikoni hakitakiwi kuacha mkwaruzo wa kudumu juu ya glezi iliyo bora. Mstari wa kijivu unaoonekana aghalabu ni chuma kilichobaki juu yake, na hufutika. Mchanga, kwa kuwa ugumu wake ni 7, hukwaruza. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi hupoteza mng'ao wa vigae vyake kwa miguu ya watu na kwa ufagio unaoburura mchanga kila asubuhi. Kwa ajili hiyo boksi la vigae vyenye glezi huwa na daraja jingine, PEI, kuanzia 0 hadi 5. Daraja 0 na 1 si za sakafu inayotembewa kwa viatu. 3 hufaa vyumba vya nyumbani. Duka, zahanati au baraza inayopokea watu kutoka nje moja kwa moja ihitaji 4 au 5. Zulia la mlangoni la kufutia miguu ni rahisi kuliko sakafu mpya.

Yapo maswali yanayoulizwa juu ya mionzi ya graniti na vigae. Ni kweli kwamba sehemu ndogo sana ya potasiamu yote ya asili, takriban asilimia 0.012, ina mionzi. Potasiamu iliyo katika ndizi na katika miili yetu ni ileile. Nusu yake hugeuka katika kipindi cha takriban miaka bilioni 1.25, na sehemu ya kinachozalika ni gesi ya agoni inayonaswa ndani ya fuwele. Kwa kuipima gesi hiyo katika feldispa za majivu ya volkano ya Olduvai, Louis Leakey, Jack Evernden na Garniss Curtis walitangaza mwaka 1961 kwamba tabaka la chini la bonde hilo lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Kwa mwenye nyumba, mionzi ya potasiamu hiyo katika sakafu si jambo la kumkosesha usingizi.

Vumbi ni jambo la kumkosesha usingizi. Feldispa katika vigae na graniti huwa pamoja na kwatzi, na mashine ya kukatia inapozunguka kavu hurusha vumbi la silika lililo laini kiasi kwamba halionekani likielea. Vumbi hilo likivutwa mwaka baada ya mwaka huacha makovu katika mapafu, ugonjwa uitwao silikosi, ambao hauna dawa ya kuuponya. Anayeumia zaidi ni fundi, tena kijana aliyefunga kitambaa usoni akidhani kinatosha. Mwenye nyumba anapopatana na fundi, apatane pia kwamba vigae vitakatwa kwa maji, nje ya nyumba, watoto wakiwa mbali, na kwamba barakoa itakuwa ile ya kuzuia vumbi laini. Vumbi lililotua lifutwe kwa kitambaa kibichi. Kulifagia ni kulirusha upya.

Unga wa kusugulia

Feldispa iliyosagwa laini hutumika pia katika unga wa kusafishia masinki na masufuria. Mwaka 1886, huko Connecticut, Marekani, kiwanda kilichokuwa kikitengeneza sabuni ya kusugulia kwa unga wa kwatzi kiligundua kwamba feldispa iliyokuwa ikitupwa, baada ya kutenganishwa na kwatzi ya mwamba uleule, inafaa zaidi kwa kuwa ni laini kidogo. Bidhaa hiyo ikaitwa Bon Ami. Mnunuzi wa leo asome kifungashio: unga wenye kwatzi au mchanga utaondoa doa na mng'ao kwa pamoja. Unga wowote, hata wa feldispa, usitumike juu ya plastiki, beseni la akriliki au kioo cha simu.

Feldispa shingoni na kidoleni

Baadhi ya feldispa huwa vito. Jiwe la mwezi ni orthoklesi iliyojengeka kwa matabaka membamba mno yanayopishana na feldispa ya sodiamu. Mwanga ukipita katikati yake hutawanyika, na wingu jeupe au la samawati huonekana likitembea ndani ya jiwe kila linapogeuzwa. Huchimbwa Sri Lanka, India, Madagaska na hata Tanzania. Linaloitwa jiwe la mwezi la upinde wa mvua, lenye cheche za rangi nyingi, kwa kweli ni labradoriti, ndugu wa ukoo uleule mwenye kalisiamu na sodiamu. Ni kito halali, lakini jina lake ni jingine, nalo laweza kuathiri bei. Kioo chenye ukungu wa maziwa, kiuzwacho kwa jina la opaliti, si feldispa kamwe: kitazame kwa lenzi, ukiona viputo vya mviringo ni kioo.

Amazoniti, ya kijani inayokaribia feruzi, nayo ni feldispa ya potasiamu. Rangi yake hutokana na chembechembe za risasi zilizofungwa ndani ya fuwele. Kuivaa hakuna madhara. Kuitumbukiza katika maji ya kunywa, kama baadhi ya wauzaji wanavyoshauri kwa madai ya tiba, ni jambo tusilolipendekeza.

Kwa kuwa mpasuko wa mawe haya umenyooka, pigo moja dhidi ya ukingo wa meza laweza kuyagawa vipande viwili. Yanafaa zaidi katika hereni na mkufu kuliko katika pete ya kila siku, na yasafishwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, si kwa mashine ya mtetemo. Hapa Tanzania mfanyabiashara wa vito anatakiwa na sheria kuwa na leseni. Omba kuiona, na risiti yako iandikwe jina la jiwe, si neno "kito" peke yake.

Kuhusu vigae na vyombo, anayekusudia kuleta malalamiko aje na risiti, boksi au picha ya maandishi yaliyo juu yake, na angalau kigae kimoja ambacho hakijatandikwa. Kilichokwisha kupakwa saruji hakipimiki vizuri kwa maji, na fundi na mwuzaji huanza kutupiana lawama hapo hapo.